Chura Aliyeumia Uani Kwako: Mwongozo wa Kumuuguza

Mvua za kwanza zinapoinyeshea Mbozi, aghalabu mwezi wa Novemba, majembe ya Mlowo huingia mashambani na vyura hutoka ardhini kwa wakati mmoja, na kwa sababu hiyo msimu wa kupanda mahindi huwa pia msimu wa majeraha yao: huyu amekatwa mguu kwa jembe, yule amenyakuliwa na paka akaponyoka, mwingine amekanyagwa na pikipiki kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, na mwingine tena, ambaye hana alama yoyote mwilini, amelala ubavu chini ya mbuni ulionyunyiziwa dawa asubuhi ile. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu wa kawaida anayemwokota mnyama huyo, au ambaye mtoto wake amemleta nyumbani mikononi, naye asijue la kufanya. Na vile vile kwa yule aliye na chura aliyemzoea, akaaye miaka nenda miaka rudi chini ya mtungi au kando ya bomba la uani, akila mende na nzi wa nyumba ile, mpaka siku moja akaonekana amebadilika hali.

Katika Ulaya na Marekani watu hufuga majumbani ndugu wa chura mwenye mkia, aitwaye nyuti, ambaye haishi popote katika Afrika kusini ya Sahara. Mswahili aliyeko ng'ambo mwenye mnyama huyo anaweza kuyafuata haya nisemayo, kwa kuwa ngozi zao ni za namna moja, mradi akumbuke mambo mawili: kwamba nyuti wengi hupenda baridi, chini ya nyuzi 20, na kwamba mguu wao uliokatika huota tena, neema ambayo chura aliyekwisha kukomaa hakujaliwa.

NGOZI KWANZA, DAWA BAADAYE

Kabla ya kushika kitambaa wala chupa, sharti ulifahamu jambo moja ambalo usipolifahamu huruma yako yote itageuka madhara. Chura hanywi maji kwa kinywa. Maji huyapata kwa ngozi, hasa ngozi laini ya chini ya tumbo na mapaja, ambayo huilaza juu ya udongo wenye unyevu akafyonza. Sehemu ya pumzi yake hupita katika ngozi hiyo hiyo, ikisaidiana na mapafu. Na chumvi za damu yake, ambazo moyo hauwezi kupiga sawasawa bila ya hizo, hudhibitiwa na ngozi hiyo hiyo. Kama mtungi wa udongo unavyopenyeza maji ubavuni mwake, ndivyo ngozi ya chura inavyoruhusu kilicho nje kuingia na kilicho ndani kutoka. Kwa hiyo sabuni iliyobaki kiganjani, mafuta ya kujipaka, jasho, klorini ya maji ya bomba, spiriti, majivu, mrututu na dawa ya mbu, vitu ambavyo juu ya mwili wa binadamu hukaa nje, kwa chura ni sawa na kunyweshwa.

Nchi yetu ina ushahidi wa jambo hili, tena uliopatikana kwa gharama kubwa. Mwaka 1996 wataalamu walimkuta katika korongo la Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa, chura mdogo wa rangi ya manjano asiyepatikana mahali pengine popote duniani, azaaye watoto kamili wasiopitia hali ya viluwiluwi majini, na aishiye katika manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme lilipoyapunguza maji hayo, vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani mwishoni mwa 2000 ili kizazi kisikatike. Na huko, mikononi mwa watu waliosomea kazi hiyo, walikufa kwa wingi hata waliosalia wasifike 100, kabla watunzaji hawajayajua vyema mazingira na chakula vinavyomfaa mnyama huyo. Walioachwa korongoni waliangamia mwaka 2003, na katika miili yao ukaonekana ukungu wa ngozi uitwao kitridi. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Wale wa Marekani walizaana, 100 wakarejeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2010, na kuanzia 2012 wakarudishwa kidogo kidogo katika korongo lao. Nalitaja hili ili msomaji asione haya kwamba kazi yake ya kwanza si kutibu bali ni kutengeneza mahali. Waliobobea nao walianzia hapo.

SAA YA KWANZA

1. Nawa mikono kwa sabuni, kisha isuuze kwa maji mengi mpaka utelezi uishe kabisa, wala usiifute. Mshike chura mikono ikiwa imelowa maji safi. Ukiwa na glavu za plastiki zisizo na unga ndani, zisuuze nazo kabla ya kuzitumia.

2. Mwinue kwa viganja viwili, kimoja chini ya tumbo na kimoja kikimfunika mgongo. Usimning'inize kwa mguu, hata kama mguu huo ndio mzima.

3. Tafuta beseni au ndoo ya plastiki yenye kuta laini, ambayo haijapata kutiwa dawa ya shamba wala ya kufulia. Kifuniko kitobolewe matundu kutoka ndani kuelekea nje, ili kingo kali za matundu zisimkwaruze pua anaporuka.

4. Tandika chini kitambaa cheupe cha pamba kisichochuja rangi, kilicholoweshwa kwa maji salama, kisha inua upande mmoja wa beseni kidogo ili upande wa pili ukusanye maji ya kina cha nusu sentimita. Mgonjwa atajichagulia pa kukaa. Usitandike mchanga, kokoto wala vumbi la mbao: vitu hivi hunata katika jeraha, na akivimeza pamoja na chakula huziba utumbo.

5. Mwekee kigae cha chungu chenye kingo laini, au jani pana la mgomba, apate kujificha chini yake. Mnyama wa porini anayetazamwa huwa katika taharuki, na taharuki humwongezea udhaifu.

6. Liweke beseni chumbani, mbali na jua, jiko la mkaa, redio na kuku. Joto la nyuzi 18 hadi 24 linatosha. Kwa hali ya hewa ya Mlowo, kivuli cha nyumba ya matofali hukupatia kiasi hicho sehemu kubwa ya mwaka, isipokuwa usiku wa Juni na Julai, ambapo beseni lifunikwe kwa blanketi upande wa nje bila kuziba matundu.

7. Mwache nusu saa. Baada ya hapo ndipo utazame.

Iwapo una vyura wawili, kila mmoja awe na beseni lake na kitambaa chake, na mikono ioshwe unapotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Kuna chura mmoja ambaye mpango huu haumfai. Ni yule wa visimani na mabwawani, mwenye mwili bapa unaoteleza mno, macho madogo yatazamayo juu, na kucha nyeusi katika vidole vya ndani vya miguu ya nyuma. Huyo maisha yake yote ni majini, na kitambaa chenye unyevu peke yake kitamkausha. Mtie katika maji ya kina cha kiasi cha kumfunika mgongo na kuzidi kidogo, ili aweze kupandisha pua bila kuogelea kwa nguvu, na umfunikie vizuri, kwani ni hodari wa kutoroka.

MINTARAFU YA MAJI

Hapa ndipo wagonjwa wengi hupotea, na kwa hivyo sitaharakisha.

Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yasitumike yakiwa mapya. Yamimine katika ndoo pana isiyo na kifuniko, yakae saa 24, klorini ya kawaida itatoka yenyewe hewani. Kuyakoroga mara kwa mara huharakisha. Kwa sababu hiyo ni hekima kuwa na ndoo ya maji ya jana daima, maana chura hajeruhiwi kwa miadi. Maji uliyoyatia vidonge au matone ya kusafishia maji ya kunywa yana klorini vile vile, na hukumu yake ni moja.

Maji ya mvua ni mazuri mno yakikingwa moja kwa moja katika chombo kilichowekwa uwanjani. Yale yaliyoteremka juu ya paa la bati ni ya kutiliwa shaka, hasa ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi, kwa kuwa hubeba vumbi, vinyesi vya ndege na madini yaliyochujika katika bati. Yaache yaliyotangulia yamwagike, yaani ya dakika kumi au zaidi za mwanzo za mvua kubwa, ndipo ukinge, na hata hapo uyatumie tu ukikosa mengine.

Maji ya Mto Mlowo na ya vijito vya mashambani usiyatumie. Yanaweza kuwa na mabaki ya viuatilifu vya mibuni na bustani, na yanaweza kuwa na vijidudu vya maradhi kutoka kwa vyura wengine. Maji ya kisima kirefu yanafaa, lakini yaachwe yapumue usiku mmoja.

Maji yaliyochemshwa yanafaa kuoshea jeraha yakishapoa kabisa. Kwa kumkalisha ndani kwa siku nyingi yakorogwe kwanza kwa muda, kwa maana kuchemsha huondoa hewa iliyomo.

Badilisha maji na kitambaa kila siku, na kila mara kikionekana kinyesi. Kitambaa kilichotumika kichemshwe bila sabuni, kikauke juani. Ukilifanya hili peke yake, ukaacha mengine yote ya mwongozo huu, umekwisha kumsaidia mgonjwa wako kuliko mwenye sanduku zima la dawa aliyesahau maji.

TAZAMA, USIPAPASE

Dakika chache za kutazama kwa utulivu zitakupa habari nyingi kuliko kumgeuzageuza. Jiulize:

☐ Koo lake linapwita? Chura baridi asiyetikisika si lazima awe amekufa. Tazama ngozi ya chini ya kidevu kwa muda kabla ya kumkatia tamaa.
☐ Anakaa wima juu ya mikono yake ya mbele, au kidevu kimegusa chini?
☐ Miguu yote minne inajikunja? Ukiuona mguu wa nyuma umenyooka tu, umevunjika au mgongo umeumia.
☐ Ngozi ya tumbo na mapaja ina rangi gani? Wekundu, vidonda, au magamba ya ngozi yaliyobabuka?
☐ Amekonda hata mifupa ya kiuno imejitokeza, au amevimba hata anaonekana amejazwa maji?
☐ Macho yote mawili ni maangavu?
☐ Kuna kinyama chekundu kilichotokeza nyuma?

Andika ulichokiona pamoja na tarehe. Tabibu wa mifugo atakayekuuliza baadaye hatakuwa na kitu kingine cha kumwongoza.

MAJERAHA

Damu inayotiririka hukandamizwa kwa upole kwa kitambaa safi kilicholowa, kwa dakika tatu hadi tano, bila kufunua kila mara kuangalia. Kisha kidonda huoshwa kwa kumiminiwa maji ya chumvi yaliyopimwa, nayo hutengenezwa hivi: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, na kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa juu, takriban gramu 6, ikiwezekana chumvi isiyotiwa madini joto. Kipimo hiki ni kidogo kuliko kile cha dripu ya binadamu, ambacho ni gramu 9 kwa lita, kwa sababu damu ya chura ina chumvi chache kuliko yetu. Tumia kwa kuoshea tu, wala usimkalishe humo. Udongo uliogandamana usikwanguliwe. Mimina tena na tena mpaka uondoke wenyewe.

Mkato mdogo wa ngozi hufunga wenyewe katika siku kadhaa hadi wiki chache, maadamu maji ni safi. Ngozi ya chura ina ute wenye kinga dhidi ya vijidudu, na kila unapomshika pasipo haja unaufuta ute huo.

Mguu uliovunjika usifungwe vijiti. Nimewaona watu wema wakimfunga chura kwa nyuzi na vijiti vya kiberiti, wakidhani wanamtendea kama anavyotendewa kuku, na matokeo yake nyuzi hukata ngozi na kuzuia damu. Dawa ya mfupa ni kupunguza nafasi: chombo kidogo asichoweza kuruka ndani yake, kitambaa kilicholowa, na chakula kinacholetwa karibu na kinywa. Mguu uliokatika wote, kama umekatika safi, si hukumu ya kifo, hasa ukiwa wa mbele. Walakini mfupa uliotokeza nje ni kazi ya tabibu.

Aliyeng'atwa na paka anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza. Meno ya paka ni membamba, huacha tundu lisiloonekana na vijidudu ndani kabisa. Huyu apelekwe kwa tabibu mapema, usingoje dalili.

Kinyama kilichotokeza nyuma kisiachwe kikauke hata kwa dakika chache: kiloweshwe daima kwa maji safi, mgonjwa aende kwa tabibu siku hiyo hiyo. Matumbo yaliyotoka nje yafunikwe kwa kitambaa kilicholowa maji ya chumvi yale yale, na hapa aghalabu litakalobaki ni kumpunguzia maumivu. Mwombe tabibu ammalizie kwa dawa. Usimmwagie maji ya moto, chumvi wala spiriti, wala usimtie kwenye friza kwa kudhani analala.

SUMU ZA SHAMBANI

Mbozi ni nchi ya kahawa, na kahawa ina kutu ya majani na chulebuni, na mkulima hana budi kunyunyizia. Dawa za shaba, mrututu ukiwa mmojawapo, ni sumu kali kwa viumbe wenye ngozi hii, na kwa viluwiluwi ni kali zaidi. Viuatilifu vya wadudu huwapata kwenye mishipa ya fahamu, wakatetemeka, wakanyooka miguu, wakalala chali.

1. Vaa glavu, kwa ajili yako wewe pia.
2. Mmwagie maji salama mengi taratibu, kuanzia mgongoni, kwa dakika tano hadi kumi, uso ukiwa juu asivute maji puani.
3. Mlaze katika maji mapya ya kina cha nusu sentimita. Yabadilishe baada ya saa moja, kisha kila baada ya saa chache siku ile nzima.
4. Usimpe maziwa wala mafuta kuivunja sumu. Hayavunji kitu.
5. Asilishwe kwa siku mbili, na wadudu waliookotwa shambani humo wasitumike kamwe kuwa chakula chake.

Aliyemwagiwa chumvi au majivu na mtu aliyetaka kumfukuza uani hutendewa hivi hivi. Desturi hii ya chumvi ningeomba iachwe: huyanyonya maji ya mwili wake kupitia ngozi, naye hufa polepole. Atakaye chura aondoke karibu na mlango amchukue kwa beseni ampeleke mwisho wa bustani, ama azime taa ya nje inayokusanya wadudu, atahama mwenyewe.

MARADHI NA DALILI ZAKE

Wekundu wa mapaja na tumbo. Vijishipa vimevilia damu, mgonjwa mlegevu, hali chakula. Huu ni ugonjwa wa bakteria unaoenea katika damu, nao hufuata maji machafu, msongamano na jeraha lililopuuzwa. Mtenge hima, maji yabadilishwe mara mbili kwa siku, na utafute tabibu, kwa kuwa huu hauponi kwa usafi peke yake.

Ngozi inayobabuka mfululizo. Vyura wote hujivua ngozi, tena huila, na hilo ni la kawaida. Lakini vipande vikielea majini kila siku, mgonjwa akakaa mahali pa wazi mchana na miguu ameitanua, akichelewa kujigeuza alazwapo chali, hofia kitridi. Ukungu huu, ambao wanasayansi waliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 1999, umewaangamiza vyura katika mabara kadhaa, na huua kwa kuivuruga ile kazi ya ngozi ya kulinda chumvi za damu mpaka moyo unasimama. Haumdhuru binadamu. Dawa yake ipo, ya jamii ya zile za kuulia ukungu, lakini hupimwa na tabibu na kutumiwa kwa kuogesha dakika chache kila siku. Chura huyu asirudishwe porini bila ya idhini ya mtaalamu.

Pamba nyeupe juu ya kidonda. Ni ukungu wa majini, hushika nyama iliyokufa. Huonekana zaidi kwa chura wa majini na kwa viluwiluwi. Maji safi na baridi, na kumwonyesha tabibu.

Uvimbe wa mwili mzima. Figo, moyo au ngozi imeshindwa kuyatoa maji. Usimtoboe. Tena usimkaushe kwa kumnyima maji, kosa ambalo huonekana lina hekima ndani yake lakini halina.

Kukauka. Ngozi imekunjamana, macho yamezama, ute umekuwa wa kunata. Mlaze katika maji ya nusu sentimita, kidevu kikiegemea kitambaa kilichokunjwa ili pua ziwe juu, saa moja au mbili. Usimtilie maji kinywani. Dhaifu huzama katika kijiko.

Mifupa laini. Huwapata waliofugwa muda mrefu na kulishwa aina moja ya mdudu. Taya hulegea, uti wa mgongo hupinda. Wadudu wapakazwe unga wa chokaa ya mifugo, au maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa, yakasagwa mpaka yakawa laini kabisa, mara mbili au tatu kwa wiki. Uti uliokwisha kupinda haunyooki tena. Muradi ni kuzuia usizidi.

KISANDUKU: MAKOSA YANAYOUA

✗ Kumpaka mafuta ya mgando, asali, au marhamu yenye mafuta: huziba ngozi anayopumulia.
✗ Kutumia spiriti, dettol au ayodini isiyozimuliwa juu ya kidonda.
✗ Marhamu au tone lolote lenye dawa ya ganzi. Hupenya katika ngozi na kusimamisha pumzi.
✗ Kuyeyusha antibiotiki ya kuku katika beseni kwa kukisia. Kipimo cha chura huhesabiwa kwa gramu za uzito wake.
✗ Kumlazimisha kula siku ya kwanza.
✗ Kumwanika juani "apate nguvu".

CHAKULA CHA MGONJWA

Usikihangaikie mapema. Chura mwenye mwili wa kawaida anaweza kukaa siku kadhaa, hata zaidi ya wiki, bila kula, na tumbo lililojaa katika mwili dhaifu huoza badala ya kusaga. Kuanzia siku ya tatu, jioni, mtilie mdudu mmoja aliye hai: panzi mdogo, nyenje, kumbikumbi aliyenyonyolewa mbawa, au nyungunyungu aliyesuuzwa. Asizidi upana wa kati ya macho yake mawili. Asipoliwa kwa saa moja mtoe, kwa kuwa nyenje mwenye njaa humtafuna mgonjwa asiyeweza kujitetea. Nyama ya ng'ombe, ugali na wali si riziki yake.

KWA TABIBU

Wengi huona haya kumpeleka chura kwa daktari wa mifugo. Usione. Ofisi ya mifugo ya wilaya ipo Vwawa, mwendo mfupi kutoka Mlowo, na ingawa kazi yake ya kila siku ni ng'ombe, nguruwe na kuku, mwenye elimu hiyo anazo kanuni za kuhesabu dawa kwa uzito, na anaweza kuuliza kwa wenzake. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kina hospitali ya wanyama na walimu wa fani hii. Ili usimpotezee muda, nenda na haya:

☐ Uzito wa mgonjwa kwa gramu, umepimwa katika mizani ya jikoni ndani ya kikopo chenye kifuniko
☐ Daftari la dalili na tarehe
☐ Jina la dawa iliyonyunyiziwa shambani, kama ipo, au karatasi yake
☐ Maelezo ya maji uliyotumia
☐ Picha ya simu ya tumbo na mapaja

Msafirishe katika kikopo chenye matundu na kitambaa kilicholowa, pasipo maji ya kusukasuka, akiwa mapajani mwako na si juu ya injini ya basi.

USALAMA WA WATU NA WANYAMA WA NYUMBANI

Vyura wenye mgongo wa vinundu wana mafungu mawili ya tezi nyuma ya macho yatoayo maziwa meupe yenye sumu. Hayaleti vinundu kwa binadamu, kama isemwavyo, lakini yakiingia machoni huwasha vikali. Osha kwa maji mengi. Mbwa aliyemng'ata akatoka povu asuuzwe kinywa, kichwa kikiwa kimeelekezwa chini maji yasimwingie kooni, na akitetemeka apelekwe kwa tabibu bila kuchelewa. Vyura wanaweza pia kubeba vijidudu vya kuhara: kila aliyemgusa, au aliyegusa maji yake, anawe kwa sabuni, na watoto walio chini ya miaka mitano watazame tu.

KUMRUDISHA

Kumfuga mnyama wa porini si jambo la hiari yako peke yako: ipo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na anayetaka kumweka chura kwa muda mrefu amwone kwanza afisa wanyamapori wa halmashauri. Kwa aliyeuguzwa tu, mwisho mwema ni kurudi kwake.

1. Awe anakula mwenyewe, anaruka kwa miguu yote aliyo nayo, na kidonda kimefunga kabisa.
2. Arudishwe pale pale alipookotwa. Chura wa bwawa la Vwawa asiachiwe Mlowo, wala wa Mlowo asipelekwe Tunduma, kwa sababu hivyo ndivyo maradhi yanavyosafirishwa kutoka kijito hadi kijito. Kama pale alipookotwa ni barabarani, basi ni upande wa barabara aliokuwa akiuelekea, hatua chache ndani ya majani.
3. Iwe magharibi au usiku, ardhi ikiwa na unyevu, na shamba liwe halikunyunyiziwa dawa karibuni. Muulize mwenye shamba.
4. Liweke beseni ubavu juu ya majani, ujitenge, atoke kwa wakati wake.

Akifa, mzike kina cha mkono mzima, mbali na kisima na mfereji, isipokuwa kama tabibu ameuomba mwili. Maji ya beseni, awe amepona au amekufa, usiyamwage mtoni: yatie dawa ya kufulia ya klorini, sehemu moja kwa tisa za maji, yakae robo saa, kisha yamwagwe penye udongo mkavu. Beseni, kigae na kifuniko visuguliwe kwa mchanganyiko huo huo, visuuzwe mara tatu mpaka harufu iishe, vianikwe juani siku nzima, na kuanzia hapo viwe vyombo vya kazi hii tu, wala visirudi jikoni.